Mkono ukivunjika: twende kwa nani, na kisha tufanye nini?

(Mazungumzo yetu mbele ya wanachama, hapa Mpofi)

 

Leo hatukuja kuzungumza juu ya mbegu wala shitingi. Tunakuja juu ya mwili. Munajua wenyewe: wengi wetu tulirudi bila mbuzi, bila mlango wa nyumba, na mikono tu. Mkono ukivunjika, nyumba nzima inalala njaa.

Kuna elimu moja inaitwa kinesiolojia. Jina linatoka kwa Wagiriki. Kinesis ni mwendo. Inachunguza ginsi mifupa, misuli na viungo vinatuwezesha kuinama, kutembea na kubeba. Ku hospitali, wale wanaofanya kazi na elimu hiyo tunawaita kine. Mtu akitolewa plastre, mfupa umeshaungana, lakini misuli imekonda na kiungo kimekazana. Hapo kazi ya kine inaanza.

Kine anashika mkono wako, anakuambia: sukuma. Anaandika namba. 0 ni kwamba hakuna kitu kinachochezacheza. 3 ni kwamba unainua mkono wenyewe, bila mzigo. 5 ni nguvu yote. Kisha wiki mbili anapima tena, anaona kama unaendelea.

Sasa tusikilizane vizuri, sababu kuna kitu kingine kinafanana na hiki. Katika mwaka wa 1964, kule Detroit, Marekani, mtu mmoja anayeitwa George Goodheart, fundi wa kunyoosha mgongo, alianza kusema kwamba nguvu ya misuli inaonyesha magonjwa ya ndani. Unanyoosha mkono, anaubonyeza. Ukishuka, anasema ini lako ni gonjwa, ama chakula fulani ni sumu kwako. Wenye kufanya hivyo walipimwa bila kuambiwa dawa ya kweli ni ipi na ya uongo ni ipi. Hawakumshinda mtu anayebahatisha. Mkono uliobonyezwa unaweza kutuambia habari ya mkono. Habari ya ini haujue. Kwa hiyo mtu akikubonyeza mkono, kisha akakuuzia chupa ya dawa ya figo, shika franka zako, uende kupimwa damu na mkojo ku sentre ya afya.

Tuje kwa mafundi wetu wa kuunga mifupa. Hatukuja kuwatukana. Wako karibu, wanakubali kuku, na usiku wa vita njo wao tu walikuwa hapa. Tunajua mama mmoja aliyeungwa mguu na mzee wa kijiji, leo anabeba mihogo. Lakini tulimuona pia kijana aliyeanguka na pikipiki. Walimfunga na vipande vya mianzi, wakakaza kamba sana. Alilia usiku mbili, wakamwambia vumilia. Siku ya ine vidole vilikuwa vyeusi. Kule mjini walimkata mkono, na jamaa wakasema: «Munaona? Hospitali inakata watu.» Hapana, wandugu. Kamba njo ilikata ule mkono. Hospitali ilimalizia tu.

Kwa hiyo tushike mambo haya. Kufunga ni vizuri, lakini weka kitambaa laini chini ya miti, na uache vidole vionekane. Bonyeza ukucha: unakuwa mweupe, kisha damu irudi mbele hujahesabu tatu. Vidole vikiwa baridi, vimevimba, vimekufa ganzi, ama maumivu yanazidi hata akiwa ametulia, legeza kamba papo hapo, na safari ianze. Misuli isiyopata damu inaanza kufa kisha masaa machache, karibu sita. Mfupa ukitoboa ngozi, usisugue, usitie majani. Funika na kitambaa safi, mpeleke.

Wapi? Kwanza sentre ya afya, kisha Hospitali Kuu ya Masisi kama njia iko wazi. Goma kuna CBCA Ndosho na Heal Africa kwa upasuaji, na Shirika la Umoja kwa miguu ya kutengenezwa na mazoezi.

Na plastre ikitolewa, usingojee mwili ujifunguwe wenyewe. Kunja na kunyoosha kiwiko mara kumi, asubuhi, midi na mangaribi. Finya kitambaa kwenye ngumi. Mguu uliovunjika, ukanyage kadiri munganga alivyoruhusu, na fimbo. Kuvutwa kidogo si kitu. Maumivu makali yanasema simama. Wamama wa mafundi ya mifupa, na ninyi wazee, hata ninyi munaweza kufundisha mazoezi haya. Tunawaomba tufanye kazi pamoja.

Jambo la mwisho ni la sanduku letu. Tunatoa mchango mtu akifa. Hiyo ni heshima, tusiiache. Lakini yule kijana hakukosa watu wa kumlilia. Alikosa franka za pikipiki siku ya kwanza. Tunaomba mkutano ujao mujadili kitu kimoja: sehemu ndogo ya sanduku iwekwe kwa safari ya mtu aliyevunjika, itoke siku ile ile, bila kungoja mkutano, na vijana wanne wawe tayari na tipoyi.

 Maulizo sasa.