Kalsiamu Imepanda, Kisha?

Msikilizaji, mama wa miaka hamsini na kitu analalamika mifupa inamuuma, choo kigumu, usiku anaamka kila mara kukojoa, na uchovu hauishi hata akilala. Amewahi kutolewa jiwe kwenye figo. Daktari wa mifupa kampa dawa ya maumivu, wa figo kamwambia anywe maji mengi, na wa tatu kasema, "Mama, huo ni umri tu." Malalamiko yote hayo hakuna aliyeyasoma kwa pamoja, ilhali chanzo chake chaweza kuwa kimoja, shingoni.

Nyuma ya tezi ya shingo kuna vitezi, kwa kawaida vinne, kila kimoja kama punje ya mchele. Vinaitwa paratiroidi, na kazi yao ni kulinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu. Kimoja kikiota uvimbe, ambao mara nyingi si saratani, humwaga homoni ovyo. Homoni hiyo inachota kalsiamu kwenye mifupa, na figo zinaelemewa na kazi ya kuitoa.

Nahodha wa Marekani, Charles Martell, ugonjwa huu ulimpunguza kimo karibu sentimita 18. Alipasuliwa mara sita, uvimbe haukuonekana. Akaingia maktaba mwenyewe kusoma vitabu vya tiba, akawasihi madaktari wamfungue kifua. Mwaka 1932, mjini Boston, upasuaji wa saba ukaukuta humo kifuani. Wiki chache baadaye akafa, kwa matatizo ya mawe ya figo.

Madaktari wa zama zile tuwasamehe. Leo tatizo hugunduliwa kwa kipimo cha damu, na bado linapita. Kalsiamu imepanda kidogo, daktari anaandika "tufuatilie", faili linafungwa. Wengine, ajabu, hurudishwa nyumbani na vidonge vya kalsiamu! Hata homoni ikipimwa, majibu yakija "kawaida", kila mtu anashusha pumzi. Lakini kalsiamu ikiwa juu, vitezi vizima hupunguza homoni mpaka chini kabisa. Homoni iliyobaki katikati wakati huo si ya kawaida hata kidogo.

Si kila mgonjwa lazima apasuliwe, ila mikononi mwa mpasuaji mzoefu wengi sana hupona. Basi ukiwa umewahi kutoa jiwe la figo, au umevunjika mkono kwa kuteleza tu bafuni, omba upimwe kalsiamu. Ikiwa juu, usitoke chumbani kwa daktari kabla hujauliza homoni ya paratiroidi itapimwa lini.