Moshi wa Jirani, Kifua cha Mwenye Pumu

Msikilizaji, pita mtaani Kitendaguro jioni ya kiangazi. Uani takataka zinachomwa, plastiki humo humo. Bandani mishikaki inageuzwa juu ya mkaa, bodaboda nazo zinatimua vumbi. Wengi tunakohoa kidogo, tunapita. Mwenye pumu njia zake za hewa huvimba na kubana, kifua kinapiga miluzi, maneno yanamtoka mawili mawili.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 pumu iliua watu 455,000 duniani, wengi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Dawa zipo. Pampu ya bluu ya kuvuta hufungua kifua upesi, ila haiondoi uvimbe. Kazi hiyo ni ya dawa ya kuzuia, inayovutwa hata siku unayojisikia mzima. Anayeishiwa na ya bluu kila mara arudi kwa daktari.

Dawa pekee hazitoshi; moshi nao upunguzwe. Sheria ya bidhaa za tumbaku tunayo tangu 2003, lakini jaribu kumwambia mtu baani azime sigara! Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Sawa, ila mtoto mwenye pumu anavuta hewa ya leo.

Mengine hayangoji bajeti. Mwalimu, wanafunzi wanyunyize maji kabla ya kufagia darasa, na mwenye pumu apangiwe kazi nyingine. Nawe mchoma takataka, majani ya migomba yarudishe shambani yakaoze.