Mali Bila Daftari



Wazee walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Mkubwa wa kazi hawezi kukata shauri jema asipopata hesabu sahihi. Leo kompyuta hukusanya mauzo, mishahara na vitu vya bohari, ikamwonyesha mara moja kilichopungua na kinachopasa kuagizwa. Faida hiyo hatuikani.

Lakini tutazame yaliyotokea Uingereza. Tangu mwaka 1999 Posta ya huko ilitumia mtambo wa hesabu uitwao Horizon, upate kupeleka hesabu za posta ndogo ndogo makao makuu. Mtambo ulionyesha upungufu wa fedha usiokuwapo. Wakubwa wakauamini, wasiwasikilize wasimamizi wa posta hizo. Watu zaidi ya 900 wakahukumiwa, wengine wakafungwa. Mwaka 2024 ndipo ilipotungwa sheria ya kuzifuta hukumu hizo.

Basi yatupasa sisi makarani kuandika kila tarakimu kwa uaminifu, na kutunza stakabadhi. Hesabu ikipingana na fedha iliyo mezani, tuseme siku ile ile. Na mkubwa naye aulize kwanza, kwani shauri akiisha kulikata ni lake, si la mtambo.