Kizuri Chajiuza



Wazee walinena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu, sina usia mwingine kwa wakulima wenzangu wa Dimani.

Mwenye shida huuza korosho zake kwa kangomba kabla ya kuvuna, akapangiwa bei na kipimo. Stakabadhi ghalani, iliyoanzia Mtwara msimu wa 2007, imetupa njia nyingine: twakusanya pamoja, wanunuzi wakashindana mnadani. Lakini mnunuzi haoni jasho letu. Aonacho ni sampuli. Mmoja akitia mchanga au korosho mbichi guniani, bei ya shehena nzima huanguka, na jirani asiye na hatia hulipa.

Basi tuokote kila siku, tuondoe mabibo, tuanike juani hadi zikauke barabara, tutenge madaraja, ndipo tupeleke ghalani. Na Chama nacho kiharakishe malipo, maana mwenye mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ada hangoji mnada. Kangomba i mlangoni pake.