Seva ya Mchezo Ulioununua ni ya Nani?



Tunaponunua mchezo wa kompyuta unaochezwa kwa intaneti, tunapokea nusu yake tu. Nusu ya pili imo katika seva, yaani kompyuta ya mbali inayowakutanisha wachezaji na kuhifadhi hatua walizofikia. Seva ikizimwa, programu tuliyoilipia huwa kama simu isiyo na mtandao.

Watengenezaji wengi hutumia seva za kampuni nyingine, kwani huduma hiyo huanza haraka na kwa gharama ndogo. Lakini mpangaji hana amri juu ya nyumba. Michezo mingi iliitegemea huduma ya GameSpy kuwakutanisha wachezaji, nayo ikafungwa tarehe 31 Mei 2014. Baadhi ya watengenezaji walihamia kwingine kwa haraka. Michezo isiyohamishwa ilipoteza sehemu yake ya intaneti, ingawa wanunuzi walikwisha kulipa.

Ndiyo sababu kampuni nyingine huamua kujenga teknolojia ya seva zao wenyewe. Gharama ni kubwa, lakini kampuni hupata uhuru wa kurekebisha kasoro bila kumngoja mwingine, na wa kuchagua mahali pa kuziweka. Mwaka 2015, Riot Games, wenye mchezo wa League of Legends, walihamishia Chicago seva zao za Amerika Kaskazini, ili wachezaji wa mashariki na magharibi ya bara hilo wasitofautiane mno kwa kasi ya mawasiliano.

Hata hivyo, mtengenezaji kuwa na seva zake si dhamana kwa mnunuzi. Tarehe 31 Machi 2024, Ubisoft ilizima seva za The Crew, mchezo wake wa magari uliotoka mwaka 2014. Ukawa hauchezeki, hata kwa aliyezoea kucheza peke yake.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, tuulize mambo matatu. Je, mchezo unachezeka bila intaneti? Je, masharti yanaeleza taarifa ya kufunga huduma itatolewa mapema kiasi gani? Je, tunauziwa mchezo wenyewe, au ruhusa ya kuutumia ambayo yaweza kuondolewa?

Tusome masharti, tutunze stakabadhi. Mali bila daftari hupotea bila habari.