Uso Uliotambuliwa Kando ya Moto

Somo letu ni Luka 22, mstari wa 54 hadi 62.

Ni usiku. Yesu amekamatwa. Petro ameketi uani kwa kuhani mkuu, anaota moto pamoja na wengine. Mtumishi mmoja wa kike anamkazia macho katika ule mwanga, kisha anawaambia watu kwamba huyu naye alikuwa pamoja na Yesu. Tumezoea kuhubiri hapa juu ya woga wa Petro. Leo tumtazame yule binti. Hakukosea. Aliuona uso, akaukumbuka, akasema kweli. Lakini kweli ile, mikononi mwa watu wenye hasira usiku ule, ingeweza kumwua Petro.

Siku hizi kuna mashine inayofanya kazi ya binti yule. Kamera inachukua uso wako barabarani. Kompyuta inapima macho, pua na taya, inageuza vipimo kuwa hesabu, kisha inalinganisha hesabu hizo na za nyuso nyingi zilizowekwa akiba. Binti alikumbuka uso mmoja. Mashine haisahau, hailali, wala haingoji ukae karibu na moto.

Msiseme ni mambo ya Ulaya. Jirani zetu Uganda walinunua kamera za namna hiyo kwa kampuni ya Huawei ya China. Baada ya maandamano ya Novemba 2020, polisi wenyewe walisema kwamba kamera hizo zinawasaidia kutafuta watu.

Mtu ataniuliza: “Mchungaji, wewe hutaki majambazi wakamatwe?” Nataka sana. Tumezika watu wengi mno katika mji huu, na mama aliyeuliwa mtoto usiku ana haki ya kumwona muuaji mbele ya hakimu. Sisemi serikali ifumbe macho. Nasema macho yake yawekewe mpaka, kwa sababu tatu.

Kwanza, mashine inakosea, na imekosea zaidi juu yetu sisi weusi. Januari 2020, polisi wa Detroit, Marekani, walimkamata mtu mweusi nyumbani kwake, mbele ya mke na watoto, kwa sababu kompyuta ilisema ndiye aliyeiba saa dukani. Hakuwa yeye. Torati, katika Kumbukumbu 19:15, inadai mashahidi wawili au watatu. Mashine ni shahidi mmoja tu, tena shahidi asiyeweza kuulizwa maswali.

Pili, kitu kilichokusanywa kwa kazi moja hutembea hadi kazi nyingine. Mwaka 2023 tulipanga mstari tukapigwa picha na kutoa alama za vidole ili tupate karti ya uchaguzi. Leo karti hiyo inaombwa kwa kuandikisha simu, kwa kupokea pesa, kwa kupita njiani. Ilitoka kwenye kura, ikawa kitambulisho cha kila kitu. Hakuna aliyetuuliza.

Tatu, na hapa sisi wa Bukavu hatuhitaji mwalimu: mtawala hubadilika. Mji huu ulibadilisha mikono 1996. Waasi waliushika 1998. Askari walioasi waliuteka Juni 2004. Februari 2025 M23 waliingia. Anayeingia hurithi kabati za aliyetoka. Kwa hiyo usiulize tu kama unamwamini huyu anayekupiga picha leo. Uliza pia ni nani atakayeishika picha hiyo kesho.

Ng’ambo ya Ruzizi tumeona jambo hilo likifika mwisho wake. Wabelgiji waliandika kabila kwenye karti za Wanyarwanda katika miaka ya 1930. Makarani walioandika walidhani ni kazi ya ofisi tu. Mwaka 1994, kwenye barieri, neno moja juu ya karti ile liliamua nani apite na nani afe. Na karti mtu aliweza kuitupa au kuificha. Uso utautupa wapi?

Basi tuombe nini? Katiba yetu, kifungu cha 31, inalinda maisha ya faragha ya kila mtu. Sheria ya mambo ya dijitali ya 13 Machi 2023 nayo inalinda habari za mtu binafsi. Tuombe mipaka iliyo wazi juu ya msingi huo: uso utafutwe kwa ruhusa ya hakimu tu, kwa kosa kubwa, kwa mtu anayejulikana anatafutwa, picha za kura zibaki za kura, nyuso za wapita njia zifutwe, mashine zisielekezwe kwa watu walio ibadani wala katika maandamano ya amani, na mtu asifungwe kwa neno la mashine peke yake. Hiyo si ndoto. Mji wa San Francisco ulikataza idara zake kutumia mashine hizi mwaka 2019. Detroit, baada ya kesi ya mtu yule, ilikubali 2024 kwamba polisi hawatamkamata mtu kwa jibu la kompyuta tu.

Nasi tuanze kwetu. Kanisa likiandika majina na kupiga picha za wanaopokea msaada, daftari lile linalala wapi? Nani ana ufunguo? Na wewe mama wa soko la Kadutu, mtu akikuelekezea simu usoni kwa ajili ya orodha fulani, muulize kwa upole: ni ya kazi gani, itakaa kwa nani, itafutwa lini? Kuuliza si uasi.

Turudi uani. Mstari wa 61 unasema kwamba Bwana aligeuka akamtazama Petro. Usiku ule uso mmoja ulitazamwa mara mbili. Binti alimtambua, akamtangaza mbele ya watu. Yesu alimtambua zaidi, alijua mpaka kosa lake, lakini hakumtoa kwa adui. Alimrudisha kwa machozi. Mwenye kuzijua nyuso zetu zote ndiye aliyezilinda. Anayetaka kuzijua hapa duniani ajifunze kwake.

Bwana awalinde ninyi na nyumba zenu. Amina.