Matone ya Macho kwa Watoto Wenye Mzio



Mtoto anayefikicha macho kutwa, akilikimbia jua na kutokwa na ute mzito kama nyuzi, huenda hana ugonjwa wa kuambukiza. Mara nyingi huo ni mzio wa macho. Katika nchi za joto huwapata zaidi watoto wa kiume, huanza kabla ya umri wa miaka 10, na kwa wengi hutulia baada ya kubalehe. Kwa hiyo mzazi hatafuti dawa ya kutuliza leo tu. Anatafuta dawa itakayotumika miaka kadhaa pasipo kumdhuru mtoto.

Matone ya kromoglaiketi huzuia chembe za mwili zisimwage kemikali iletayo mwasho. Ni salama, lakini hutiwa mara 4 kwa siku, na nguvu yake huonekana baada ya majuma kadhaa. Hapo ndipo wazazi wengi hukata tamaa. Olopatadini hutuliza upesi zaidi, kwa kutiwa mara 2 tu, ingawa bei yake mara nyingi huwa juu.

Matone ya steroidi, kama deksamethasoni, ndiyo yanayosifiwa mitaani, maana wekundu huondoka kwa siku chache. Sifa hiyo ni ya kweli. Hatari yake nayo ni ya kweli. Yakitumika muda mrefu bila vipimo, huweza kupandisha presha ya ndani ya jicho, nayo huuharibu mshipa wa fahamu polepole, bila maumivu yoyote. Huweza pia kuleta mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Uoni uliopotea kwa presha haurudi. Chupa ya kuazima kwa jirani, au inayonunuliwa tena na tena kwa cheti cha zamani, si huruma kwa mtoto.

Nchini Rwanda, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulilinganisha deksamethasoni na matone ya siklosporini kwa wagonjwa wa mzio huu. Nafuu ilikaribiana. Siklosporini iliwasha zaidi ilipotiwa, lakini haina tabia ya kupandisha presha ya jicho. Kikwazo chake ni upatikanaji.

Steroidi si adui: mzio ukiwa mkali, daktari huiandika kwa muda mfupi, kisha huipunguza huku akipima presha. Kloramfenikoli, kwa upande wake, haitibu mzio. Kitambaa safi chenye maji baridi hupunguza mwasho.

Mtoto ambaye uoni wake umepungua, au aliyetumia steroidi kwa majuma mengi, apelekwe kwa wahudumu wa macho wa hospitali ya wilaya, pamoja na chupa zote alizowahi kutiwa.